Wanyama Uliowaacha Chini ya Godoro

Garsen, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Hawayu,

Sitakuuliza hali, kwa maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na hali yako naijua kuliko unavyoijua wewe. Sasa uko ng'ambo ya mto kwa bibi yako, unaaga, nami nimekaa hapa dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yetu, katikati ya mikebe ya rangi, nimeurudisha mlango nusu ili watu wadhani nimelala. Mambo ya nguo, ya chakula, na ya nani umsalimie na nani umpite kama humwoni, mama yako mdogo ameshakuambia, na kesho atakuambia tena kwenye dirisha la basi. Mimi nina jambo moja tu. Lakini unanijua, jambo moja kwangu lina matawi.

Leo nilikuwa natafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Nikainua godoro lako, nikakuta wanyama.

Nikawatoa nikawatandaza sakafuni. Yule mamba karani anayepima maembe, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Wale nyani waliopanga foleni ya mahindi ya msaada, kila mmoja na bakuli lake, na mama nyani aliyemtanguliza mtoto mbele ili aonewe huruma. Korongo ndani ya koti la naibu wa chifu, shingo imezama kwenye kola. Wote. Kisha nikafungua ile bahasha kubwa utakayompelekea mchoraji wa vitabu kule Mombasa, nikaona picha ulizozichagua wewe: maua ndani ya chombo, na hapa Garsen sijui nyumba hata moja yenye maua ndani ya chombo, mlima wa theluji uliounakili kwenye kalenda, na mkono wa mtu, mkono mzuri, sikatai, lakini mkono tu.

Mchoraji yule amesema ataitazama kazi yako mara moja. Akiipenda utabaki kwake ujifunze, asipoipenda utapanda basi urudi. Kwa hiyo utakachomwekea mezani ndicho kitakachoamua, nacho sasa hivi ni maua. Najua mwalimu wako alikuambia kwamba wanyama waliovaa nguo ni mambo ya watoto. Ni mtu mwema, alikununulia penseli kwa fedha yake. Sitaki ugombane naye hata moyoni. Nataka tu, kabla hujaondoka, ujue wanyama hawa wametoka wapi, kwa maana hawakuanzia kwako. Walianzia kwangu. Na kwangu walianzia juu ya dungu.

Tulipokuwa wadogo, mimi na baba yako, kaka yangu, Mungu amrehemu, kazi yetu ilikuwa kuamia mpunga. Nyinyi wa siku hizi dungu mnalipita tu: jukwaa la miti katikati ya shamba, unakaa juu na kombeo na debe bovu, ndege wakitua unapiga debe. Sasa ndege hachoki. Mtoto ndiye anayechoka, na akichoka anaanza kutazama. Mimi nilitazama kuliko mtoto yeyote wa mto huu, kuanzia Hola mpaka Kipini, na anayebisha aje.

Kulikuwa na nyani dume aliyetoka msituni kila jua likianza kupoa. Anakaa ukingoni mwa shamba, mikono juu ya magoti, anatutazama kama mtu aliyekuja kudai kwamba shamba ni la babu yake. Nikimrushia jiwe anainamisha kichwa kidogo, jiwe lipite, halafu anatutazama tena. Siku moja, na baba yako angekuwa hai angenishuhudia, nilirusha jiwe akalidaka. Akalinusa. Akaliweka chini taratibu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Cheka tu, lakini ndivyo alivyofanya.

Baba yako hakujua kuchora hata mstari, ila alikuwa na sauti. Yeye ndiye aliyempa nyani yule maneno. Analaza sauti puani, anasema, enyi watoto, hivi baba yenu ameamka au bado, nina shauri naye la mpaka. Nami nikasikia ni nani. Ilikuwa sauti ya mjomba wa bibi yako, mzee aliyekuwa akija kwetu wakati wa chakula, anakaa mlangoni mikono juu ya magoti, haombi, anangoja tu. Tuliporudi nyumbani nikachukua mkaa, nikamchora nyani kwenye ukuta wa jiko, nikamfunga kikoi cha mzee yule. Sikuandika jina. Sikujua hata kuandika. Mama yetu alipita na mtungi wa maji kichwani, akaona, akasimama, akautua mtungi chini ili acheke vizuri. Alipomaliza kucheka akanichapa, kisha akacheka tena. Mzee mwenyewe alipouona ukuta alisema nyani amechorwa sawasawa, ila kikoi nimekifunga kike.

Kwa hiyo ukiulizwa, mkono ulio nao ni wangu, usimsikilize mtu. Lakini sikio ni la baba yako. Ulikuwa hujaanza kutembea alipofariki, na bado wanyama wako wanaongea kwa sauti yake. Nikiwatazama wale nyani wa foleni nawasikia.

Halafu ikaja karatasi ya njugu. Muuza njugu wetu alifungia njugu zake kwenye karatasi yoyote iliyoletwa na lori, na siku moja yangu ilikuwa na picha: mbwa amesimama kwa miguu miwili, amevaa koti na viatu vya kamba, anafungua mlango wa gari. Maneno yake sikuyajua, kwa kuwa shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, na tena yalikuwa ya lugha ya mbali. Nilikula njugu zikaisha nikabaki na karatasi mkononi. Nisikufiche, nilikasirika. Nilikuwa nikidhani duniani ni mimi peke yangu niliyewahi kumvisha mnyama nguo. Nilijisikia kama mtu aliyepanda dunguni kwake akakuta mwingine ameshakaa.

Hasira ikaisha, tamaa ikabaki. Nikaiga karatasi ile miaka na miaka. Nikachora mbwa wa koti, paka wa koti, mbuzi wa koti mwenye viatu vya kamba. Niliwachora kwenye milango ya maduka na kwenye mikokoteni ya maji, watu wakasema Buya ana mkono. Walinisifu, lakini wakipita wanapita. Hakuna aliyetua mzigo wake. Mimi nikadhani kasoro ni rangi, nikabadilisha rangi. Sikufikiri kwamba mbwa yule alikuwa na kwao, na kwamba huko kwao pengine yuko mtu anayefungua mlango wa gari namna ile ile, nao wakiiona picha wanaanguka kwa kicheko. Sisi hapa tulimwona mbwa mwenye viatu, basi.

Sasa nifike kwa fahali. Umenisikia nikimsimulia hotelini, lakini hotelini huwa namsimulia mimi nikiwa mshindi.

Wewe ulikuwa ungali unabebwa mgongoni. Salimu mwenye bucha alikuwa na wasiwasi, kwa maana bucha ya pili ilikuwa imefunguliwa karibu na kituo cha basi. Akaniita, akaniambia nimchoree ukuta wake kitu kitakachomtia msafiri njaa kabla hajashuka. Siku ya mnada nikaenda uwanjani kutafuta ng'ombe wa kuiga. Waorma walikuwa wameteremsha mifugo kutoka malishoni, vumbi limefunika kila kitu, na ndani ya vumbi lile nikamwona mmoja nikampenda hapo hapo. Mwekundu wa kiza, bega la kushoto jeupe kama amemwagikiwa maziwa, pembe moja imepinda chini mpaka inakaribia jicho. Alikuwa ametangulia mbele ya kundi, haswagwi na mtu, na wenzake wanamfuata kimya. Nilimbeba kwa macho mpaka dukani.

Nikamweka kwenye ukuta wa Salimu, mrefu kuliko mtu. Amesimama kwa miguu miwili, aproni nyeupe kifuani, kisu mkononi, mkono wa pili unakaribisha watu ndani, na tabasamu limefika masikioni. Wallahi mbwa walikuwa wakivuka barabara kumkwepa. Malori ya kwenda Lamu yalipunguza mwendo. Salimu akawa anamaliza nyama adhuhuri haijaadhiniwa. Nami nilitembea mjini kama mimi ndiye niliyeumba ng'ombe.

Mnada uliofuata wakaja vijana wa Kiorma, wakasimama mbele ya ukuta. Hawakucheka. Mmoja akaondoka, akarudi na mzee anayeitwa Mzee Guyo. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani kwa Salimu, nangoja sifa. Mzee akaegemea fimbo yake, akalitazama bega, akaitazama pembe. Kwa ujinga wangu nikainuka nikamwambia kwamba mchoraji ni mimi.

Akaniuliza kwa utulivu kabisa kama namjua ng'ombe yule ni nani. Hakuuliza ni wa nani. Aliuliza ni nani. Nikamjibu kwamba ni ng'ombe tu, nimemwona mnadani. Sisi watu wa migomba, mwanangu, kwetu ng'ombe ana rangi na ana bei, hana zaidi. Basi mzee akanieleza, vijana wakimsaidia neno pale Kiswahili kilipomkwama. Fahali yule hakuwa wa kuuzwa. Aliletwa kila mnada kwa sababu wenzake wanamwamini. Wakimwona mbele wanatembea bila hofu mpaka uwanjani. Wao wanauzwa, yeye anageuka na kurudi nyumbani na mzee. Na njia nzima ya kurudi hulia, na mzee humwimbia. Kila boma, kuanzia hapa mpaka malisho ya mbali, lilimjua kwa bega lake na pembe yake, kama unavyomjua mtoto wa jirani. Na sasa kila aliyepita Garsen alikuwa amemwona amevaa aproni, anawakaribisha watu waje wawale wenzake, na anatabasamu.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia, Mzee wangu, huu ni mzaha wa ukutani, ng'ombe mwenyewe hajui lolote.

"Ndiyo," akasema. "Ng'ombe yangu hajui kisu. Wewe umempa kisu. Sasa anajua."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimebishana na polisi, nimebishana na mganga, na kiboko mmoja nilimsemesha usiku kucha mpaka akatoka shambani kwa uchovu. Siku ile nilivua kofia tu. Nilisimama pale nikiikwangua rangi iliyokauka vidoleni.

Salimu alikuwa ameshatoka na ndoo ya chokaa kabla sijaambiwa, kwa maana aliwaona wale vijana wakigeuza ng'ombe wao kuelekea bucha ya pili. Nikachovya brashi nimfute fahali. Mzee Guyo akanishika mkono. Hakutaka afutwe. Alisema amechorwa vizuri, hata mama yake angemtambua. Alitaka kisu kiondoke. Nikamuuliza ashike nini basi, kwa kuwa ngumi ilishakuwepo pale ukutani na ngumi haiwezi kukaa bure. Wakashauriana kwa lugha yao muda mrefu, wanabishana kama watu wanaomtafutia kijana mke. Mwishowe mzee akanikabidhi fimbo yake niitazame.

Nikafuta kisu. Nikafuta aproni. Tabasamu ndilo lililonitesa, maana ukiliondoa vibaya mtu anabaki amenuna, na yule hakuwa wa kununa. Kisha nikamlazia fimbo mabegani, nikaining'iniza mikono yake miwili juu yake, namna wachungaji wao wanavyosimama jua likiwa kali. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nikasikia kijana mmoja nyuma yangu anataja jina la mzee kwa sauti ya chini, halafu wote wakaangua kicheko. Nikageuka. Mzee Guyo alikuwa amesimama vilevile, bakora ya kijana mwingine mabegani, mikono inaning'inia. Akajitazama, akautazama ukuta, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Salimu peke yake hakucheka. Alisema amelipia ng'ombe wa kuuza nyama, sasa ana ng'ombe anayepumzika. Lakini Waorma walirudi kumuuzia, akanyamaza. Nami Mzee Guyo alinichukua bomani kwake, nikakaa nao mpaka mvua. Niliporudi nilikuwa namjua kila ng'ombe wao kwa jina, na ng'ombe wenyewe walijua langu.

Tangu siku ile sijamvisha mnyama nguo nisiyoijua ni ya nani. Maana umpe kofia, umpe kisu, umpe bakuli la msaada, tayari umemtia aibu ya watu na werevu wa watu, na hawezi kuvirudisha. Hiyo si michezo ya watoto. Ila tu watoto huelewa haraka kuliko sisi.

Ukuta wa Salimu unaukumbuka. Ukitoka chuo cha Kurani ulikuwa unasimama mbele yake mpaka natumwa kukuita. Mafuriko yalipokuja maji yalipanda mpaka kiunoni kwa fahali, kisha udongo ukalegea, ukuta ukalala wote mara moja. Nililia. Mama yako mdogo anadhani nililia kwa ajili ya duka, mwache adhani hivyo.

Siku zile tulizokaa juu ya tuta la barabara, chini ya maturubai, tunangoja mahindi, nilisimulia hadithi zangu zote ili watu wasahau njaa. Zote, hata zile za kweli. Hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa umekaa pembeni na kalamu, unachora kwenye upande mtupu wa karatasi za magunia ya unga. Yule jirani yetu ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu maji yachukue mbuzi wake alikuja akachungulia begani mwako. Akawaona nyani kwenye foleni. Akamwona mama nyani, na mtoto aliyetangulizwa mbele, na namna mama yule alivyomkunja mtoto uso kwa kidole ili aonekane mnyonge. Akajua ni yeye. Nilidhani atakupiga. Alifunika mdomo kwa leso na mabega yakaanza kumtikisika, kisha akamwita dada yake aje aone.

Ninaongea sana, Hawayu, lakini siku ile sikukuambia kitu. Niliinuka nikaenda kutazama maji. Nilichofundishwa na fahali wa watu mbele ya mji mzima, wewe ulikuwa nacho umekaa kwenye tope, hakuna aliyekushika mkono. Nilifurahi na niliumia, sijui kipi kilitangulia.

Basi nifike kwa yule wa chini kabisa, uliyemlaza kifudifudi chini ya wenzake.

Kiboko amekaa kwenye benchi la hoteli. Kofia ni yangu, hata lile doa la rangi ya kijani umeliweka. Mdomo umefunguka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, mkono mmoja uko juu, kikombe chake ni kitupu. Wamemzunguka mbuzi, kunguru na paka mzee, chai zao zimepoa. Nilicheka kwanza, kicheko changu kile kikubwa, mpaka mwenye duka la jirani akagonga ukuta. Halafu nikaliona jicho. Mdomo unasimulia, lakini jicho limekwenda pembeni, linamtazama mbuzi ambaye ameanza kuinuka.

Nilidhani jicho lile hakuna anayeliona. Miaka yote hii nilidhani watu wanatazama mdomo.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wote wamelala chini ya godoro. Si maneno ya mwalimu. Uliogopa kwamba ukimtoa mmoja watatoka wote, nami nitamwona huyu.

Nimemwona. Nimemwita na mama yako mdogo aje amwone. Alifuta mikono kwenye leso, akamshika kwa ncha za vidole, akamtazama. "Mtoto huyu," akasema, "mpaka jicho." Kisha akanitazama namna ambayo hajanitazama siku nyingi, akaenda kunipikia chai bila kuombwa.

Sijawatia wanyama kwenye bahasha. Kazi ni yako na bahasha ni yako. Nimewapanga juu ya godoro, na maua yako nimeyaacha mahali pake. Utachagua. Ila usimwache kiboko kwa ajili ya kunistahi mimi. Mchoraji akimfikia atacheka, halafu ataliona jicho, halafu atakuuliza huyu ni nani. Mwambie ni baba yako mdogo. Mwambie yuko Garsen, na mpaka sasa anaongea.

Mimi,
Baba yako mdogo, Buya